Bustani ya pamoja kwenye makazi ya usaidizi (nyumba za watu wanaohitaji msaada ili kuishi kwa kujitegemea): yasemwayo na yaliyo kweli

"Wakazi hawataijali, itakauka ndani ya mwezi." Aghalabu kosa huwa kwenye uchaguzi wa mazao. Nyanya huchukua siku 60 hadi 80 tangu kupandikizwa, na mtu aliyehamia juzi hana hakika kama atakuwepo kuzichuma. Figili huvunwa baada ya siku 25 hadi 30. Anza nazo, tena kwenye tuta moja tu.

"Tuta la kuinuliwa linamfaa kila mtu." Tuta hili ni kama sanduku la mbao lililojazwa udongo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji kimo cha sentimeta 60 hadi 70. Mwenye mgongo mbovu anayefanya kazi amesimama hupata nafuu kwenye 80 hadi 90. Upana usizidi sentimeta 120 ikiwa tuta linafikiwa pande zote mbili, au 60 likiwa limeegemea ukuta. Njia nayo iwe ya sentimeta 120, ya udongo ulioshindiliwa. Kokoto huzamisha magurudumu. Kisha piga hesabu ya udongo kabla ya kununua mbao: tuta la meta 1.2 kwa 2.4 lenye kimo cha sentimeta 65 humeza karibu meta za ujazo 1.9, yaani toroli zaidi ya 20. Wengi hujaza nusu tu, na aliyekaa kwenye kiti hafikii tena udongo. Theluthi ya chini unaweza kujaza magogo na matawi, ila yakioza udongo hushuka, hivyo ongeza mboji kila msimu.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu." Nguvu ya kuunguza mizizi, ndiyo. Pia hubeba vijidudu vya kuharisha. Iozeshe kwanza; ikishawekwa mbichi, pitisha siku 120 kabla ya kuvuna mboga zinazogusa udongo.

"Jua halimdhuru mtu, ni tiba." Baadhi ya dawa, kama klorpromazini (ya magonjwa ya akili) na doksisiklini (antibiotiki), hufanya ngozi iungue upesi. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, akiishiwa maji mwilini, dawa huweza kujilimbikiza kwenye damu hadi kuwa sumu. Usimuulize mtu dawa zake mbele ya wenzake. Weka kivuli, kofia na maji ya kunywa kwa wote, na kazi iishe kabla ya saa nne asubuhi.

"Kulima kuwe sharti la kupata chumba." Anayelazimishwa humwagilia siku ya ukaguzi tu.

"Wanaojitolea Jumamosi wanatosha." Wakati wa kiangazi tuta lile la meta 1.2 kwa 2.4 huhitaji takriban lita 72 kwa wiki, ndoo saba za lita 10, zigawanywe mara mbili au tatu. Mara nyingi kinachokwamisha ni ufunguo wa bomba kubaki ofisini wikiendi nzima. Mpe mkazi mmoja nakala, au weka pipa la lita 200 lenye mfuniko kando ya tuta.