Mabaka ya kahawia kwenye majani ya betula: dhana na ukweli

Betula ni mti wa nchi za baridi. "Mti una kiu, au ni kuvu." Chuma jani, liinue kwenye mwanga. Baka la mchimbaji, yaani buu wa mdudu anayekula ndani ya jani, hupitisha mwanga, ngozi ya juu ya jani imeachana na ya chini, na katikati mna kinyesi cheusi. Doa la kuvu halina hayo.

"Basi ni kiwavi wa nondo." Inawezekana, hasa majira ya kuchipua, kwani nondo wa jenasi Eriocrania nao huchimba betula. Ila kinyesi chao ni nyuzi ndefu zilizojisokota, na buu wao hana miguu. Cha nyigu-msumeno, mdudu wa jamii ya nyigu, ni punje punje. Buu wake ni bapa, kichwa cha kahawia, na ana miguu mifupi kifuani. Tegemea kinyesi kuliko rangi ya baka: hubaki hata buu akishatoka.

"Nyigu-msumeno wa betula ni yuleyule mmoja." Hapa ndipo wengi hukosea: wako angalau wanne. Tazama baka lilipoanzia, na mwezi wa mwaka. Fenusa pumila, aliyeonekana Connecticut, Marekani, mwaka 1923 akitokea Ulaya, hutaga kwenye majani machanga. Madoa yake huanza karibu na mshipa mkuu, kisha huungana. Pasua baka kwa pini, mlaze buu chali, mtazame kwa lenzi ya mara 10: aliyekua ana madoa 4 meusi yaliyopangana upande wa chini. Profenusa thomsoni hungoja majani yakomae, kwa hiyo baka lake utalikuta zaidi Julai na Agosti.

Likianzia ukingoni, mshuku Heterarthrus nemoratus au Fenusella nana. Kifukofuko bapa cha mviringo ndani ya baka kinamaliza ubishi: ni Heterarthrus. Wenzake hao watatu hushuka udongoni, ndiyo maana kufagia majani yaliyoanguka humpunguza yeye tu.

"Atauma." Nyigu-msumeno hana mwiba. "Msumeno" wa jike ni wa kuchanja jani ili atage.

"Ukiona kahawia, piga dawa." Umechelewa, mabuu wengi wameshatoka. Betula yenye afya haifi kwa mabaka haya. Tena dawa ya kupulizia ovyo huua na nyigu vimelea, wanaoangamiza mabuu haya: huko Edmonton, Kanada, ni nyigu kimelea Lathrolestes thomsoni aliyepunguza idadi ya Profenusa.