Kidonge kimoja, ukinzani wa aina tatu

Kidonge cha elektroliti yabisi, yaani kitu kigumu kinachopitisha ioni (atomu zenye chaji) kama kimiminika cha betri, ukikigonga kwa ukucha hulia kama kigae, na bado ioni hupita ndani yake. Hupita kwa kuruka. Atomu za fuwele hutikisika muda wote. Ioni ya lithiamu iliyo jirani na nafasi tupu husubiri mtikisiko uipe upenyo, kisha hujichomeka. Ndiyo maana joto likipanda, upitishaji nao hupanda. Iodidi ya fedha hata haina subira: ikivuka nyuzi 147 za Selsiasi fuwele hujipanga upya, na upitishaji huongezeka mara maelfu papo hapo. Watafiti Tubandt na Lorenz waliripoti jambo hilo mwaka 1914.

Mimi nashughulika na elektroliti yabisi iitwayo ganeti, ya lithiamu, lanthanamu na zirkoniamu. Ikitengenezwa vizuri upitishaji wake hufikia karibu milisiemensi 1 kwa sentimita kwenye joto la chumba. Sulfidi ambayo mtafiti Kanno na wenzake waliitangaza mwaka 2011 ilifika 12, sawa na kimiminika cha betri za kawaida. Lakini mtu akinitajia namba peke yake, huwa namuuliza kwanza: ya punje, au ya kidonge kizima? Kidonge ni unga uliobanwa ukachomwa kwenye tanuri. Ndani yake kuna punje nyingi zilizoshikana, na ioni iliyoteleza vizuri ndani ya punje huweza kukwama mpakani.

Kuna kidonge nilikisahau mezani kwa majuma mawili. Kwa macho hakikuwa na kasoro. Nikakibandika lithiamu pande zote mbili, nikapima kwa mkondo geu, nikiyashusha masafa (kasi ya mkondo kugeuka) polepole. Masafa ya juu huonyesha punje. Yakishuka, mipaka yake. Yakishuka zaidi, pale ganeti inapogusana na lithiamu. Kila moja huchora nusu duara yake kwenye grafu, na ukubwa wa nusu duara ndio ukinzani wake. Nusu duara ya mwisho ilikuwa kubwa hadi ikazimeza zile nyingine. Unyevu na kaboni dioksidi ya hewani vilikuwa vimeuvika uso utando wa kaboneti ya lithiamu, ambao karibu haupitishi ioni kabisa.

Nikakiingiza kwenye sanduku lililofungwa na kujazwa gesi ya agoni badala ya hewa, nikakisugua kwa msasa mkavu (vumbi lake jeupe hung'ang'ania glavu, linaudhi!), nikapima tena. Nusu duara ya mwisho ilinywea. Zile mbili za mwanzo zilibaki palepale, maana ganeti yenyewe haikuwa imeharibika.