Acheni kufunga pampu ya EFI kwenye kabureta

Kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe swali ni lilelile: "Fundi, Land Rover yangu inakata mafuta mlimani. Nimepata pampu ya Vitz, ina nguvu kwelikweli, niifunge?" Usiifunge. Hiyo ni pampu ya EFI, ya injini inayopuliziwa petroli kwa presha kubwa bila kabureta. Na kama umeshaifunga, usiwashe gari mpaka uitoe.

Kabureta haiombi nguvu. Inaomba mafuta ya kutosha yafike kwenye bakuli lake kwa upole, na bakuli likijaa, wa kufunga mlango ni floti na sindano yake tu. Floti ni kikopo chepesi cha shaba au plastiki, na ubavu wake wote ni kule kuelea. Kabureta za Zenith, Solex na SU nyingi za magari ya zamani zinaridhika na paundi 2 mpaka 3, yaani kile kipimo cha presha, psi, kinachoandikwa kwenye boksi. Weber nyingi zinavumilia mpaka 3 na nusu. Holley za Marekani ndizo zinazotaka 5 hadi 7, na hizo hapa Tanga utazitafuta kwa tochi. Pampu ya EFI inasukuma paundi 40 na kupita. Tundu la sindano ni lilelile, kwa hiyo nguvu ya kuisukuma ifunguke inakuwa mara 13 au zaidi ya ile floti iliyotengenezewa. Floti inashindwa, petroli inafurika. Ukiwa na bahati mbaya inamwagikia manifoldi yenye moto. Ikikosa kumwagika nje, inateremka kimyakimya kwenye silinda, inaosha oili kwenye kuta na kuishia chini kwenye sampu, bakuli la oili la injini. Chomoa dipstiki uinuse: kama inanuka petroli na kiwango kimepanda, mwaga oili hiyo kabla gari halijasogea hata hatua moja.

"Basi nitaweka regyuleta ya kupunguza presha." Hapo ndipo ninapochoka. Regyuleta ndogo ya kabureta, ile yenye njia ya kuingia na ya kutoka tu, imetengenezwa kwa pampu iliyozidi kidogo, tuseme pampu ya paundi 6 na kabureta ya 2 na nusu. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri na sina ugomvi nacho. Kuipelekea paundi 40 ni kuionea, na pampu nayo inakaa inasukuma ukuta, inapata moto. Kumbuka pia kwamba pampu ya Vitz imezoea kuishi ndani ya tangi, ikipozwa na petroli inayoizunguka. Wewe unaifunga juu ya chesisi, kwenye joto la pwani. Njia sahihi ingekuwa regyuleta yenye bomba la kurudisha mafuta tangini. Sawa, lakini tangi lako la zamani huenda halina tundu la kupokea bomba hilo, na kuchomelea tangi lililowahi kubeba petroli ni hatari hata likiwa kavu kwa macho. Juu ya hayo, pampu hiyo inakula ampea 5 au zaidi, na gari la dainamo likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, halichaji karibu chochote. Yote haya ili upate presha ambayo mara moja utaanza kuitupa!

Tupige hesabu ya ujazo, maana hapo ndipo watu wanapodanganyika. Farasi mmoja wa injini anakula takriban gramu 230 za petroli kwa saa, mguu ukiwa chini kabisa. Injini ya farasi 70 ni kilo 16 hivi, kama lita 22 kwa saa. Pampu ndogo ya kawaida ya kabureta, ile inayolia tik-tik-tik, inapitisha lita 60 na zaidi. Kwa hiyo gari linalokata mafuta kwenye mpando wa Mombo kwenda Lushoto kwa kawaida halijakosa pampu kubwa. Tazama kwanza tundu la hewa la mfuniko wa tangi, chujio lililojaa kutu, na mpira uliopasuka ukivuta hewa badala ya mafuta. Gari likirudi kawaida baada ya kufungua mfuniko, pesa ya pampu umeiokoa.

Likibaki tatizo ni joto, mahali pa kufunga pana uzito kuliko aina ya pampu. Pampu hizi zinasukuma vizuri na zinavuta vibaya. Ukiifunga mbele karibu na injini, bomba zima la nyuma linakuwa la kuvuta. Presha ndani yake inashuka, na petroli yenye presha ndogo inachemka mapema. Ifunge nyuma, karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta ikiwezekana, mbali na ekzosi. Chujio la matundu makubwa liwe kabla ya pampu, laini liwe baada yake. Kinyume chake unaibana koo.

Ila vitabu vinalieleza suala la mvuke, yaani petroli inayochemka bombani na kukatisha mafuta, kwa ujasiri nisiokuwa nao. Koili ya cheche iliyopata moto inazima gari kwa dalili zilezile, na petroli inayochemka ndani ya bakuli baada ya kuegesha haizuiliwi na pampu yoyote. Pampu ya umeme inalijaza bakuli upya tu. Kwa kusikiliza peke yake siapi ni kipi. Gari likizima, angalia cheche kwanza.

Pampu ya zamani ya mkono wa kamshafti, ile inayosukumwa na injini yenyewe, usiiache njiani kama kipita-mafuta. Kiwambo chake kikichanika, pampu ya umeme itajaza sampu petroli bila wewe kujua. Ing'oe, ziba tundu kwa bamba na gasketi. Waingereza wa zamani wengi wana chanya kwenye bodi, na Beetle za mwanzo ni volti 6: soma boksi. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, upeleke kwenye chuma kilichokwanguliwa, upake grisi, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma na pampu ikikosa ethi nzuri inasukuma kwa kusuasua.

Umeme wake upitie fyuzi na rilei, swichi ya umeme inayoongozwa na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo izime. Kwa kuwashia gari asubuhi ongeza kitufe cha kubonyeza, kisiwe cha kubaki ndani.

Mwisho pima, kwa sababu namba ya kitabuni haijui sindano yako imelika kiasi gani. Kwanza, chomoa mpira kwenye kabureta, injini ikiwa baridi, uelekeze kwenye chupa na uwashe pampu sekunde 30: nusu lita inatosha. Kisha funga geji ya paundi 0 hadi 15 kwa kiungo cha T, injini ikiwa sailensa. Geji ya tairi haifai, kwenye paundi 3 mshale wake hautikisiki. Ikisoma 3 na kabureta bado inavuja, usiilaumu pampu; badilisha sindano, tikisa floti usikie kama imeingia petroli.