Kwa nini karatasi ya hotuba humfichua kiongozi kuliko hotuba yenyewe?

Je, wajua kwamba mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipokuwa akihutubia sherehe ya uhuru wa Kongo, Juni 30, 1960, Patrice Lumumba alikuwa ameinama kitini akirekebisha hotuba yake?

Ratiba ya siku ile katika Palais de la Nation, Léopoldville (Kinshasa ya leo), ilikuwa na wasemaji wawili: mfalme na Rais Joseph Kasavubu. Jina la Lumumba, waziri mkuu, halikuwamo. Hata hivyo alikuja na karatasi zake.

Baudouin alisoma hotuba iliyoandaliwa kana kwamba ukumbini hapakuwa na Mkongo hata mmoja. Alisema uhuru ni kilele cha kazi iliyobuniwa na kipaji cha Leopold II, mfalme wa zamani wa Ubelgiji, yule yule aliyeigeuza Kongo kuwa mali yake binafsi, na ambaye enzi yake inakumbukwa kwa utomvu wa mpira uliovunwa kwa nguvu na mikono iliyokatwa. Kasavubu alikuwa na hotuba ya upole iliyomalizikia kwa kumsifu mfalme. Baada ya kuyasikia hayo, akairuka sehemu ile ya mwisho na kwenda kuketi. Hakutoa neno kali hata moja. Alipinga kwa kunyamaza, kama alivyozoea.

Lumumba yeye hakunyamaza. Alitaja kejeli, matusi na vipigo ambavyo watu wake walivumilia asubuhi, mchana na jioni kwa sababu tu ya weusi wao. Wakongo walimkatiza kwa makofi mara kwa mara, Wabelgiji wakapigwa na butwaa, na dhifa ya mchana ikachelewa mfalme alipofikiria kuondoka.

Wengi humkumbuka kama mtu aliyezidiwa na jazba. Karatasi inakataa. Rasimu ilikuwa tayari kabla ya sherehe. Alichofanya pale kitini ni kuinoa tu. Kisha kuna jambo ambalo sisi tunaompenda Lumumba hulipita haraka: kwenye dhifa ile ile alisoma hotuba ya pili, ya kuipoza Ubelgiji, iliyoandikwa na Gaston Eyskens, waziri mkuu wa Ubelgiji mwenyewe. Kwangu mimi huyo si kichwa moto. Ni mwanasiasa aliyejua wakati wa kupiga na wakati wa kupoza, ingawa mara hii maji yalikuwa yameshamwagika.

Maandalizi husema mengi hivi kwa sababu jukwaani kila mtu huigiza kidogo. Sauti hufundishika, na mikono vilevile. Lakini nani aruhusiwe kugusa rasimu, mstari upi ufutwe, na mwenye hotuba anaogopa nini zaidi, hayo huamuliwa faraghani, pasipo wa kupigiwa makofi.

Winston Churchill aliogopa kusahau. Aprili 22, 1904, akiwa mbunge wa miaka 29, alisimama bungeni London bila maandishi, akapoteza uzi katikati ya sentensi, akaketi kwa aibu. Tangu hapo hotuba zake muhimu ziliandikwa neno kwa neno, zikapigwa chapa kwa mistari mifupi kama ya shairi ili jicho lisipotee. Kwa hiyo wale wanaodhani kusoma karatasi ni dalili ya unyonge wana kazi ya kueleza, maana huyu husifiwa kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne yake.

Nelson Mandela alitumia muda mrefu kuandika maelezo aliyoyasoma mahakamani Pretoria, Aprili 20, 1964, kwa karibu saa tatu. Mawakili walimsihi aondoe maneno ya mwisho, kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya kile anachokiamini, wakihofia hakimu angeyapokea kama mwaliko wa kumhukumu kifo. Akakataa. Alichokubali, kwa ushauri wa wakili wake George Bizos, ni kuongeza neno dogo: ikibidi. Msimamo haukusogea, ila aliwasikiliza.

Kenya ilikuwa na mtindo wake. Katika sikukuu za kitaifa, Daniel arap Moi alisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha akaiweka kando na kuzungumza Kiswahili bila karatasi. Hapo ndipo masikio yalipokazwa, kwa sababu maonyo, vijembe na hata maagizo mapya yalitoka katika sehemu hiyo. Ile ya Kiingereza ilikuwa imepita mikononi mwa maofisa. Hii ya pili haikupitia kwa mtu, na hakuna aliyeweza kumwomba abadili mstari. Waziri aliyesinzia Kiingereza kilipokwisha alikuwa bado hajaisikia hotuba.