Kusomea kiwewe kwa mtandao ukiwa Pemba

Tangu nimalize kwa mtandao stashahada yangu ya uzamili ya tiba ya kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha, swali ni lile lile kila nikikutana na wauguzi wenzangu, maofisa wa ustawi wa jamii au walimu washauri wa skuli: nisome kozi gani? Mtu anatoa simu, ananionyesha tangazo la chuo cha Uingereza, jengine la Australia, jengine la bure la wiki sita. Na mimi kabla sijaangalia ada wala jina la chuo huuliza jambo moja. Ukishaanza kukaa na mgonjwa, nani atakutazama unavyofanya kazi?

Nina sababu ya kuanzia hapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa kiasi cha 200, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Hapa kwetu kuna vijiji ambavyo kila nyumba ilikuwa na msiba. Nilikuwa kijana, nina cheti cha ushauri nasaha na hamu kubwa ya kusaidia. Taasisi moja ikatuchukua, tukakusanya watu kwenye darasa la skuli, tukawaomba kila mmoja aeleze alichokiona, mwanzo mpaka mwisho, kikao kimoja basi. Tuliamini kwamba aliyetoa dukuduku ametua mzigo. Mzee mmoja alisimulia namna mkono wa mjukuu wake ulivyomponyoka. Alipomaliza hakulia. Aliketi akitazama viganja vyake, na sisi tukamshukuru, tukamwita anayefuata. Baada ya miezi mkewe aliniambia kuwa tangu siku ile mzee hataki kushika mtoto yeyote.

Siwezi kusema kikao chetu ndicho kilichomfanya hivyo, maana bahari ilishamfanyia ya kutosha. Lakini miaka baadaye, moduli ya kwanza kabisa ya kozi yangu ilinifundisha kwamba vikao vya namna ile vilishafanyiwa majaribio na havikuonekana kuzuia kiwewe, na katika baadhi ya majaribio waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa bila ya kikao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia mwaka ule ule wa 2011: tazama, sikiliza, unganisha, na usimlazimishe mtu kusimulia. Niliusoma ukurasa huo wa moduli saa tano usiku, nikafunga kompyuta, nikatoka uani.

Kwa hiyo elimu hii ninaitaka kwa kila mtu anayefanya kazi hii visiwani. Ila naitaka kwa namna fulani.

Kwanza hesabu, kwa sababu wengi huacha njiani. Kwa mfumo wa Uingereza cheti cha uzamili ni krediti 60, stashahada 120, shahada 180, na krediti moja ni saa 10 za kusoma na kuandika. Cheti peke yake ni saa 600. Ukikigawa kwa mwaka mzima unapata karibu saa 12 kila wiki. Chukua karatasi uandike saa hizo utazitoa wapi, ukiwa na zamu za usiku, watoto, na karafuu zikiiva. Kama karatasi imegoma, subiri mwakani. Shahada ya nje pia huhitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ikiwa unataka ikupandishe daraja kazini, basi waulize wao mapema, kabla hujalipa.

Sasa lugha. Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wangu wote ni Waswahili. Neno letu la kitaalamu ni kiwewe, lakini sijawahi kusikia mgonjwa akiingia akaniambia ana kiwewe. Husema moyo hautulii. Husema ana jakamoyo, kichwa kimejaa maneno, usingizi ukimjia unamrusha. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022, ule wa kumi na moja, unataka mambo matatu ili hali iitwe ugonjwa wa kiwewe: tukio limrudie mtu kana kwamba linatokea sasa hivi, akwepe kila kinachomkumbusha, na mwili wake ubaki chonjo kama hatari bado iko mlangoni. Ukiyajua hayo matatu vizuri, unaweza kuyasikia ndani ya maneno ya mtu yeyote. Usipoyajua, unabaki kusoma dodoso.

Nitoe mfano, na nimebadilisha mambo ili mwenyewe asijulikane. Mama mmoja wa upande wa Wete alipoteza mume katika meli. Nilikuwa na dodoso la maswali 20, kila swali alama sifuri mpaka nne, nimelitafsiri mwenyewe kwa uangalifu. Nikamsomea: je, umekuwa ukiepuka vikumbusho vya nje vya tukio? Akanijibu, hapana. Nikaandika sifuri. Tulipomaliza, nikamuuliza kwa mazungumzo tu, mama, Unguja utakwenda lini kumtazama binti yako aliyejifungua?

"Mwanangu, mimi bahari siiangalii. Hata nikenda sokoni nazunguka njia ya juu."

Ile ilikuwa nne. Mtu anaishi kisiwani na amepanga maisha yake yote asiyaone maji, na karatasi yangu ilisema hana tatizo la kukwepa.

Mume hakupatikana. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Ihesabiwe tangu siku gani ikiwa maiti hajaonekana? Watu walisali sala ya ghaibu, matanga yakaanuliwa, lakini mwenyewe aliendelea kumwekea mumewe sahani. Katika masomo nilikutana na kazi ya Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani aliyeuchunguza msiba wa namna hii, wa mtu asiyekuwepo ambaye hukumzika. Nilipowaeleza wenzangu wa darasani habari ya eda hakuna aliyewahi kuisikia. Mwalimu hakujitia kujua. Aliniuliza tu: kwenu, nani ana mamlaka ya kumwambia mwanamke huyu kwamba mumewe amekufa, naye akakubali? Swali hilo lilinipeleka kwa shekhe aliyesalisha. Tulikaa naye baada ya alasiri, na wiki ya pili yake yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na mama. Nilikuwa nimefanya kazi miaka bila ya kuona kwamba pale nilihitaji mtu wa pili.

Hapo ndipo nikaanza tiba ya masimulizi (kwa Kiingereza Narrative Exposure Therapy), ile iliyojaribiwa Uganda katika makambi ya wakimbizi wa Sudan, Rwanda na Somalia. Unatandaza kamba chini kuwa maisha ya mtu, naye anaweka ua penye jema na jiwe penye baya, tangu kuzaliwa. Mimi nilitumia kamba ya usumba juu ya mkeka. Mama aliweka asumini penye harusi. Akaweka jiwe kubwa penye meli. Halafu akarudi nyuma, kabla ya harusi, akaweka kijiwe kidogo mno, akakifunika kwa kiganja. Nikauliza pale pale: hicho ni nini? Akakiondoa. Akasema, hapana, nimekosea.

Msimamizi wangu, ambaye tulionana naye kwa video kila baada ya wiki mbili, alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza jambo moja. Alipokifunika, ulinyamaza kwa muda gani? Sikunyamaza hata kidogo. Nilikirukia. Hakuna kitabu kingenionyesha hilo, wala mtihani wa kuchagua majibu. Ilinichukua vikao vinne mpaka kile kijiwe kurudi kwenye mkeka.

Ndiyo maana nauliza nani atakutazama. Kuna utafiti uliofanyika kwetu Tanzania, eneo la Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kote kuwili mjini na vijijini, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Ulichapishwa mwaka 2020. Waliowatibu hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Matibabu yalipokwisha, watoto waliotibiwa nao walikuwa na nafuu kubwa zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, katika maeneo matatu kati ya manne. Usimamizi ndio ninaouona mimi katika matokeo hayo. Kozi inayokupa video arobaini na cheti cha kuchapisha, bila ya mtu mmoja anayejua jina lako, sioni vipi itakufikisha huko. Zaidi niwaonye juu ya mafunzo ya siku mbili ya EMDR (tiba ambayo mgonjwa husogeza macho huku akilikumbuka tukio) au mbinu nyengine nzito yasiyo na usimamizi baada yake. Mbinu yenyewe ni nzuri, lakini utafungua kitu usichoweza kukifunga.

Jambo la kurekodi lilinisumbua sana. Chuo kilitaka sauti ya kikao halisi kwa ajili ya kusahihishwa. Mgonjwa wa kwanza niliyemuomba ridhaa aliniangalia akasema, "Itafika WhatsApp." Kisiwa kidogo hiki; mgonjwa wako ni shemeji wa mtu unayefanya naye kazi, na sauti haina buibui. Nilimwandikia mwalimu nikamweleza, akakubali niwasilishe kikao cha kuigiza na mwanafunzi mwenzangu wa Mombasa. Uliza hili kabla ya kujiunga. Chuo kisichokuelewa hapo hakitakuelewa kwengine.

Na kuna upweke. London iko nyuma yetu saa tatu majira yao ya baridi, saa mbili majira ya joto, kwa hiyo darasa lao la jioni kwangu lilikuwa saa tatu usiku. Unasikiliza habari za kubakwa na kuteswa, darasa linakwisha, skrini inazimika, nyumba nzima imelala. Aliyesoma chuoni angetoka na wenzake, akanywa chai, akasema neno. Mwezi wa tatu nikaanza kuota ndoto za watu wengine. Nikajiwekea utaratibu: kesi nazisoma asubuhi, baada ya isha nasoma takwimu na nadharia tu, na kila baada ya darasa nampigia mwenzangu simu, hata dakika tano, tuzungumze habari za mvua.

Sasa hapa Pemba tuko watatu tuliosoma kwa njia hii. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya alasiri, kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja. Anayefikiria kujiunga na kozi yoyote anakaribishwa aje kwanza akae nasi. Njoo na kesi moja, uifute jina, shehia na kazi ya mtu, kisha utueleze wapi ulinyamaza na wapi ulirukia.