Mtoto wa mbwa anayeng'ata kwa nguvu: maswali na majibu kwa familia zinazofuga

Kwa nini mtoto wa mbwa hung'ata kila kitu, hata mkono wa anayemlisha?

Mdomo ndio anaoutumia kuvitambua vitu, kucheza na kuita wenzake mchezoni. Meno yake ya utoto, ambayo hufikia 28, huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki 3 hivi, nayo ni membamba na yana ncha kali kama sindano. Taya zake bado hazina nguvu nyingi, lakini kwa sababu ya ukali wa meno hayo hata kubana kidogo huuma, na hapo ndipo somo lake la kwanza linapoanzia. Akimng'ata ndugu yake kupita kiasi, ndugu hulia na kuacha mchezo. Akiibana chuchu kwa nguvu, mama huinuka na kuondoka. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi kila siku, anatambua kwamba kung'ata kwa nguvu humkosesha mchezo na maziwa. Kuanzia mwezi wa 4 meno ya utoto hung'oka na mahali pake huota ya kudumu 42, kazi ambayo hukamilika kwenye mwezi wa 6 au wa 7, na katika kipindi hicho fizi humsumbua, hivyo hutafuna zaidi.

Kwa sababu hiyo, asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Wale wanaouzwa kando ya barabara mijini wakiwa wadogo mno huvutia macho, lakini somo lao limekatishwa, na mnunuzi ndiye atakayelazimika kulimalizia.

Je, si afadhali kumkataza kabisa kung'ata tangu siku ya kwanza?

Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini naamini kuna utaratibu ulio bora zaidi, ambao miongoni mwa walioueneza ni daktari wa mifugo Ian Dunbar, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi yake Marekani. Katika utaratibu huo, mtoto wa mbwa hufundishwa kwanza kupunguza nguvu ya kung'ata, na baadaye ndipo hufundishwa kuacha kabisa.

Sababu yake ni ya kiafya. Mbwa yeyote, hata aliye mpole miaka yote, anaweza siku moja kukanyagwa mkia gizani, kugutushwa usingizini, au kushikwa na mtu anayetaka kumsaidia baada ya kugongwa na pikipiki. Katika hali hiyo hana muda wa kukumbuka amri. Hufanya kile ambacho mdomo wake umezoea. Aliyejifunza kupima nguvu anaweza kuacha alama ya meno au mchubuko mdogo, ilhali yule ambaye hakuwahi kufundishwa anaweza kuchana nyama hadi ndani. Mbwa aliyekatazwa tu kugusa mkono hajapata nafasi ya kujua maumivu ya binadamu huanzia kiwango gani, na nafasi hiyo huwa kubwa zaidi akiwa bado na meno ya utoto, kabla taya hazijakomaa.

Nifanye nini hasa anaponing'ata?

Mchezeshe ukiwa umeketi, mahali pasipo na purukushani, wakati ambapo amekula na kupumzika. Meno yakigusa ngozi kwa ulaini, endelea na mchezo. Mara tu anapobana kwa nguvu, tamka neno moja fupi, kwa mfano "basi", kwa sauti ya kawaida, ulegeze mkono na kutulia. Usiuvute mkono kwa ghafla, kwa sababu kitu kinachokimbia humwamshia hamu ya kukikimbiza, na mara nyingi ni kule kuvuta kunakochana ngozi. Anapoachia, inuka umpe mgongo au utoke nje ya mlango kwa muda wa nusu dakika, kisha urudi na kuendelea bila kinyongo. Adhabu yake ni kukosa mchezo kwa muda huo mfupi, wala haihitaji kuongezwa: ukimfungia nusu saa, atakuwa ameshasahau kilichotokea na hatajifunza lolote.

Ming'ato mikali ikishapungua, kaza kidogo masharti: sasa usimamishe mchezo hata kwa ile ya wastani, na baadaye hata kwa ile hafifu, mpaka mdomo wake uwe unagusa tu. Ndipo uingie hatua ya pili, ambapo kila anapoelekeza mdomo kwenye mkono, mguu au nguo unampa kitu cha kutafuna na kumsifu anapokipokea. Kazi hii ni ya wiki kadhaa, na hukwama pale ambapo baba anasimamisha mchezo huku kijana wa nyumba akimchokoza mbwa kwa kumpiganisha na mikono. Watu wote wa nyumbani lazima wafuate kanuni moja.

Wapo wanaoshauri kulia kwa sauti kali ya mtoto wa mbwa aliyeumia. Kwa baadhi ya mbwa njia hiyo husaidia, lakini wengine husisimka na kurudi kwa nguvu zaidi. Ukiona hivyo, iache.

Kuhusu vitu vya kutafuna, kamba nene ya pamba yenye mafundo, mpira mgumu ambao hawezi kuumeza, au kitambaa safi kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friji vinatosha. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha, wala gunzi la mahindi, ambalo hutupwa ovyo majumbani mwetu na ambalo mbwa akilimeza huweza kukwama utumboni na kuhitaji upasuaji. Kandambili kuukuu nayo haifai, kwa sababu hawezi kuitofautisha na mpya.

Jambo moja husahaulika mno, nalo ni usingizi. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala kati ya saa 18 na 20 kwa siku, na yule anayeng'ata ovyo kila jioni bila kusikia lolote mara nyingi amechoka tu. Mpeleke mahali penye utulivu alale.

Je, kumpiga au kumbana mdomo si njia ya haraka zaidi?

Hapana. Anachojifunza ni kwamba mkono wa binadamu ni hatari, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata kwa kujihami. Aliyepigwa kwa sababu ya kunguruma huweza kuacha kunguruma, yaani kupoteza onyo ambalo lingempa mtu nafasi ya kurudi nyuma, kisha akang'ata bila dalili yoyote.

Namfuga kwa ajili ya ulinzi. Je, hatapoteza ukali?

Kumfundisha kupima nguvu hakumwondolei kubweka wala kulinda boma, tabia ambazo hujitokeza zaidi anapokomaa. Pilipili ambayo baadhi ya watu huchanganya kwenye chakula ili mbwa awe mkali humwumiza mdomo na tumbo bila kumfundisha chochote. Kumfunga mnyororo tangu utotoni bila kumzoesha watu humfanya amwogope kila mtu, wakiwamo jirani na mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

Katika kaya nyingi za pwani, ambako mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi na mbwa hukaa nje, si lazima mafunzo yafanywe kwa mkono. Aachwe na mama na ndugu zake hadi wiki 8 au zaidi, kwa kuwa wao ndio walimu wake bora, kisha achezeshwe kwa kamba ndefu, na mchezo usimamishwe kila anaporukia mkono au nguo.

Tuna watoto wadogo nyumbani. Nao washiriki?

Mazoezi ya mkono yafanywe na watu wazima. Mtoto hupiga kelele, hukimbia na kurusha mikono, mambo yote yanayomchochea mbwa. Mfundishe kusimama wima, kukunja mikono kifuani na kuita mtu mzima. Asiachwe peke yake na mbwa hata kwa dakika chache, na asimguse mbwa anapokula au anapolala.

Akinichubua ngozi wakati wa mchezo, nichukulie kuwa ni jambo dogo?

Hapana, na naomba sana hili lizingatiwe. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, ugonjwa unaokadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika. Virusi viko kwenye mate, na udogo wa mbwa si kinga: hata aliye chini ya miezi 3 anaweza kuwa navyo ikiwa aling'atwa na mnyama mgonjwa. Dalili kwa binadamu kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3 kujitokeza, na zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufariki.

Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Mweleze mhudumu umri wa mbwa, alikotoka na kama amechanjwa, ili aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya pepopunda. Mbwa mwenyewe asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, na aangaliwe kwa siku 10. Ikiwa mhudumu amekuagiza kuanza chanjo, ianze mara moja bila kusubiri siku hizo ziishe. Mbwa akibaki mzima hadi mwisho wa siku hizo 10, mhudumu anaweza kuamua kusitisha sindano zilizobaki. Chanjo ya mbwa hutolewa kwa kawaida anapotimiza miezi 3 na hurudiwa kila mwaka, ingawa katika kampeni za chanjo hata wadogo zaidi huchanjwa, kwa hiyo wapelekwe wote.