Ustawi wa mwalimu na hali ya shule: tukiacha mshahara, tunaongelea nini hasa?

Ukitaja ustawi wa mwalimu mbele ya watu watano, wanne watakuambia waongezwe mshahara na yule wa tano atasema walimu nao wamezidi kulalamika. Mshahara ni kweli, hakuna wa kubisha hapo, ila ustawi ni kitu kipana zaidi. Ni mwalimu kuwa katika hali ya kuifanya kazi yake vizuri na jioni akarudi kwake bado ana nguvu ya kuongea na wanawe, yaani mwili uko sawa, akili imetulia, anajua kazi yake inaonekana, yakimzidi kuna mtu wa kumwambia, na anaona anachofundisha kinaingia kwa watoto. Hali ya shule sasa ni ile namna watu wanavyoishi humo ndani: walimu kwa walimu, walimu na wanafunzi, hedimasta na walio chini yake, hata mzazi akija ofisini anapokelewaje. Usiichanganye na majengo. Zipo shule zina vigae na rangi mpya lakini walimu wake hata salamu ni ya kulazimishana, na zipo za vumbi tupu huko vijijini ambazo mtu akipata uhamisho anaondoka analia.

Hivyo vitu viwili huwezi kuvitenganisha. Mwalimu aliyechoka anaharibu hali ya shule, na hali mbaya ya shule inamchosha hata yule aliyeripoti juzi na moto wake wote kutoka chuo.

Tuangalie kitu kidogo tu, daftari la mahudhurio, lile la kusaini asubuhi. Kila mwalimu wa Tanzania anaujua mstari mwekundu. Muda ukifika unapigwa, na ukichelewa unasaini chini yake, kila anayefungua daftari anaona. Sasa kuna hedimasta anayekaa na kalamu nyekundu mkononi anasubiri saa igonge, na mwalimu akiingia dakika nne baadaye anahema, ametoka kumpeleka mtoto zahanati, haulizwi chochote, mchana anakuta barua ya kujieleza mezani. Na kuna mwingine anapiga mstari huohuo, kwa kalamu hiyohiyo, halafu anamwita pembeni: vipi mwalimu, leo kuna nini? Akisikia ni mtoto anaumwa anapanga mtu amshikie kipindi cha kwanza, akisikia ni uzembe wa mara ya tatu anaandika barua. Utaratibu ni uleule na wote wawili wameufuata. Tofauti ni kwamba kwenye shule ya pili mwalimu kesho akichelewa atapiga simu mapema kusema, kwenye ya kwanza atatafuta cheti cha hospitali.

Halafu kuna mstarini, pale wanafunzi wanapojipanga asubuhi. Hiki kwa kweli ndicho kinaniudhi kuliko vyote. Hedimasta au afisa elimu kata anamfokea mwalimu mbele ya wanafunzi mia nane, asubuhi, kisa maua hayajamwagiwa au wanafunzi wa darasa lake wamekuja na soksi za rangi. Dakika kumi baadaye mwalimu huyohuyo anatakiwa aingie darasa la nne akafundishe hesabu za sehemu kwa uchangamfu. Ataingia na nini? Wale watoto wameona mwalimu wao anavyofokewa, wengine wanacheka chinichini, na yeye anajua wanacheka. Atakayejibu vibaya kwanza ndiye atakayelipa deni la mstarini, na mara nyingi atalilipa kwa fimbo. Kumbuka kwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 mwenye ruhusa ya kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi viboko 4, na iandikwe kwenye kitabu. Zunguka shule uone kama ndivyo ilivyo.

Wataalamu wa saikolojia wanaiongelea hii hali ya kuchoka kazi tangu zamani. Mmarekani Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson mwaka 1981 walitoa dodoso la kuipima, na wakaigawa mara tatu: kwanza kuishiwa nguvu kabisa, pili moyo kuwa mgumu kwa watu unaowahudumia, tatu kuona unachofanya hakina maana. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 likaiingiza kwenye orodha yake kama hali inayotokana na kazi, na likasema wazi sio ugonjwa. Hapo kwenye kutokana na kazi pashike, kwa sababu maana yake ni kwamba tatizo lipo kwenye kazi inavyopangwa, sio kwamba mwalimu ana roho nyepesi.

Ukiyatafsiri hayo matatu kwa maisha ya ofisi ya walimu utayatambua mara moja. Kuishiwa nguvu ni yule ambaye Jumatatu saa nne asubuhi anaonekana kama Ijumaa saa kumi. Moyo kuwa mgumu ni yule aliyeacha kuita wanafunzi kwa majina, sasa ni "wewe", "nyie mbumbumbu", "hawa hawafundishiki". La tatu ni hatari kwa sababu halionekani, mtu yupo, anasaini, andalio la somo limejazwa vizuri kabisa, kwenye ukaguzi anapata sifa, ila darasani anaandika nukuu ubaoni anatoka. Ukimuuliza anakujibu, kwani nikijituma inabadilisha nini?

Na sio yote yanaanzia shuleni. Mwalimu wa ajira mpya anapangiwa kijiji hajawahi kukisikia, hela ya kujikimu inachelewa, nyumba ya mwalimu hakuna, anapanga chumba kwa mjumbe, mwezi wa kwanza anakula kwa mkopo wa dukani. Anaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Anaacha kadi ya benki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri, mshahara ukitoka yule ndiye anakwenda kutoa, anakata chake na riba yake, anamrudishia kinachobaki. Mtu anafundisha mwezi mzima huku kadi yake iko mfukoni kwa mtu mwingine, halafu tunashangaa kwanini anauza ubuyu na maandazi darasani, au kwanini simu ikiita anatoka nje mbio. Siteteei kuuza maandazi darasani, nasema tu ujue yanatokea wapi.

Kazi yenyewe nayo imenenepa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto walifurika, jambo jema sana, lakini kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi kwenye shule nyingi kimebaki kwenye makaratasi. Ongeza mtaala mpya ulioanza 2024, ongeza kujaza PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwa bando lako mwenyewe usiku, ongeza takwimu ambazo kata inazitaka leo kabla ya saa sita na wilaya itazitaka kesho kwa fomu nyingine tofauti, namba zilezile.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea njia. Wakisikia mwalimu ana stresi wanaleta semina ya kudhibiti stresi. Kuna majaribio mawili ya huku kwetu yanafaa kutazamwa kwa pamoja. Moja lilifanyika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu mkoani Kigoma, ambako walimu ni Warundi na Wakongo. Mpango uliitwa EmpaTeach, walimu walikaa kwa vikundi wakajifunza kutuliza hasira, kumwelewa mtoto, na njia nyingine za nidhamu badala ya fimbo. Ulipimwa kwenye shule 27 na matokeo yake yakachapishwa 2021: hakuna ushahidi kuwa kipigo kilipungua. Jingine ni la Uganda, wilaya ya Luwero, shule za msingi 42, mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices la Kampala. Huu haukumshika mwalimu peke yake. Uliingiza uongozi wa shule, walimu, wanafunzi na wazazi, shule ikajiwekea malengo yake, kukawa na kamati za wanafunzi, na kazi ikaendelea kama mwaka mmoja na nusu. Matokeo ya 2015 yalionyesha kwenye shule zilizoingia, wanafunzi 31 katika kila 100 ndio waliosema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule wiki iliyopita, wakati kwenye zile nyingine walikuwa karibu 49.

Thelathini na moja bado ni wengi, tusishangilie sana. Na mazingira ya kambi sio ya Luwero, wala mipango haikufanana, hivyo huwezi kusema huu umeushinda ule kwa sababu moja tu. Ila mimi nikiyatazama yote mawili naona hivi: ukimfundisha mwalimu kupumua vizuri halafu ukamrudisha kwenye darasa lilelile la watu mia, chini ya bosi yuleyule, na posho ileile, umempa kazi moja ya ziada, ya kujituliza. Ukibadilisha jinsi shule inavyoendeshwa, hata yule ambaye hakwenda semina anapata nafuu.

Kwa hiyo hali nzuri ya shule inajengwaje? Kwa sehemu kubwa ni maamuzi ya hedimasta, na mengi hayana bajeti. Ratiba kwa mfano. Kwenye shule nyingi ratiba ni siri ya mwalimu wa taaluma, na ndiyo chanzo cha nusu ya chuki za ofisini, kwa sababu kuna mtu ana vipindi thelathini na mwenzake ana kumi na nne na hakuna anayejua kwanini. Ibandike ukutani na idadi ya vipindi vya kila mtu pembeni, watu wataanza kurekebishana wenyewe. Zamu ivyohivyo, yule mama mwenye mtoto mchanga usimpe wiki ya zamu inayoanza saa kumi na mbili asubuhi kisa jina lake limefika. Na semina. Jamani semina! Kama kila semina yenye posho anakwenda mtu yuleyule, hakuna hotuba ya umoja itakayowaunganisha hao watu, hata uite mratibu wa kata, mchungaji na shehe siku moja. Andika orodha, zunguka.

Ukimkosoa mwalimu, mkosoe ofisini mlango umefungwa. Ukimsifia, hapo sasa msimamishe mstarini.

Chai nayo usiidharau. Ile saa nne ya walimu kukaa pamoja, chai ya tangawizi na mihogo ya kuchanga, ndipo mwalimu mpya anauliza "hivi hesabu za sehemu wewe unazifundishaje, mimi wananitoka" bila kuona aibu. Serikali ina mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaotaka walimu wajifunze kwa kukutana shuleni kwao, na nikiona shule ambayo MEWAKA inafanya kazi kweli na sio kujaza fomu tu, karibu kila mara ni shule ambayo walimu walikuwa tayari wanakunywa chai pamoja. Penye makundi mawili, lile la hedimasta na lile la waliochukia, hakuna atakayekubali mwenzake akae nyuma ya darasa amtazame akifundisha.

Grupu la WhatsApp la shule liwe na saa zake. Ujumbe wa saa tano usiku unaosema "walimu wote kesho saa 12:30 bila kukosa" haujengi nidhamu, unamharibia mtu usingizi tu.

Wapo watakaosema huku ni kuwadekeza walimu, mbona wa zamani walitembea kilomita kumi na tano na walifundisha. Walifundisha, ndiyo. Lakini wengi wao kijijini walikuwa watu wakubwa, mwalimu anapelekewa kuku na maziwa, mzazi anavua kofia akipita. Hiyo heshima ilikuwa sehemu ya malipo, na siku hizi mzazi anarekodi video kwanza ndio anauliza kimetokea nini. Tena shule yenye hali nzuri sio shule legelege. Hedimasta anayesikiliza watu ndiye anayeweza kumbana mzembe na wenzake wakamuunga mkono, maana wanajua hajambana kwa chuki.

Kuna mambo hata hedimasta awe malaika hayawezi. Mke yupo Mtwara mume yupo Geita, wote walimu, uhamisho wameomba kwenye mfumo na unasoma vilevile kila wakiufungua. Mwingine kupandishwa daraja kumecheleweshwa, aliyeajiriwa naye siku moja amempita. Nyumba, madeni ya likizo, hayo yako halmashauri, TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na utumishi, na ndiko yanakotakiwa kupelekwa, kupitia chama cha walimu au vyovyote. Anachoweza hedimasta hapo ni kupitisha barua ya mwalimu siku hiyohiyo badala ya kuilalia kwenye droo, na kumwambia imefika wapi.